Risiti ya Mavuno

Nyumbani kwetu Mikumi kuna bahasha ya kaki ambayo mke wangu huiweka juu ya kabati. Ndani yake kuna karatasi ndogo yenye mhuri wa usharika. Imeandikwa kwamba nimetoa shilingi 300,000, sadaka ya mavuno, Julai 2023. Kwa karibu mwaka mzima niliihesabu karatasi ile kuwa shahidi wangu mzuri. Baadaye ilitoa ushahidi mwingine, na tangu hapo nina swali ambalo ningependa kuliweka mbele yenu, ndugu zangu, maana wengi wetu huku Mikumi na Kilosa hatuna mwajiri. Sisi ni mafundi, madereva wa watalii, wapishi wa sherehe, wapaka rangi, washona nguo. Pesa hutufikia mkononi ikiwa nzima, na hakuna anayetuangalia tunapoihesabu.

Swali lenyewe ni hili: je, naweza kumtolea Mungu fungu la kumi la pesa ambayo ndani yake kuna haki ya mwingine, na haki hiyo nimeificha?

Nitaanza na hesabu. Najua kitabu cha imani si daftari la duka, lakini jambo hili lilijificha ndani ya tarakimu na sioni namna ya kulitoa humo bila kuzitaja.

Mimi ni fundi umeme. Kwa miaka kadhaa niliajiriwa na mkandarasi mmoja mjini Kilosa. Mshahara wangu wa mwisho ulikuwa 520,000 kwa mwezi, na kila mwezi kodi ya 20,000 ilikatwa kabla sijaiona. Sikuilalamikia sana wala sikujivunia. Nilikuwa mlipakodi mwaminifu kama ng'ombe aliyefungwa kamba anavyokuwa mwaminifu kwa shamba la jirani. Uaminifu ulikuwa wa kamba.

Januari 2023 nikaondoka, nikahamia Mikumi, nikaanza kujitegemea. Namba ya mlipakodi nilikuwa nayo tayari. Nikaandikisha biashara, nikapata leseni, nikachapisha vikadi vyenye jina langu. Niliambiwa nikadirie mapato yangu ya mwaka, na kwamba kodi ya kadirio hilo hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia tangazo la ndoa ya watu asiowajua. Kadirio nililojaza lilikuwa dogo kabisa, lisilofikia kiwango cha kutozwa. Nilijiambia biashara bado changa.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa hoteli moja karibu na barabara kuu, ile inayopasua hifadhi kuelekea Iringa. Vifaa walinunua wenyewe, mimi nikalipwa ufundi tu: 4,800,000. Ujumbe wa benki ulipoingia nikakuta 4,560,000. Nikapiga simu kwa sauti ya mtu aliyepunjwa. Mhasibu wao akanijibu kwa upole, "Fundi, hiyo ni kodi ya zuio, asilimia tano. Haibaki kwetu. Tunaipeleka Mamlaka ya Mapato kwa jina lako, na cheti chako utakipata." Nikakata simu nikiamini nimeibiwa kistaarabu. Cheti kilipokuja nilikikunja nikakitia kwenye bahasha bila kukisoma.

Kazi iliyofuata ilikuwa nyumba ya mtu. Hapa ningependa kuandika kwamba mwenye nyumba ndiye aliyependekeza. Hapana. Ni mimi. Nilimwambia, "Mzee, ukitaka risiti ni milioni tatu na laki mbili. Tukielewana bila karatasi, milioni tatu." Akacheka, tukapeana mikono, na kazi ikawa yangu. Kulikuwa na fundi mwingine aliyekwisha kuipigia hesabu nyumba ile, mtu mzima, ambaye miaka ya nyuma alinishikisha koleo na kunifundisha kutofautisha nyaya. Bei yake ilikuwa 3,150,000, na risiti yake ndani. Nilijua bei hiyo kabla ya kutaja yangu.

Ikaja Jumapili ya Mavuno. Tulikuwa tunachangia mabati ya kanisa. Nikaweka laki tatu kwenye bahasha, fungu la kumi kamili la zile milioni tatu. Wala sikutoa kwa hila. Nilikuwa na shukrani ya kweli. Mwaka wa kwanza wa kujitegemea, watoto wanakula, nyumba ina amani. Jina langu likasomwa, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikainamisha kichwa kama inavyopasa.

Juni 2024 nikapanda Noah kwenda Kilosa kwa dada mmoja mhasibu, Mkristo mwenzetu, anayesaidia watu wadogo kuandaa ritani. Ritani ya mwaka inapaswa kufika ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani tarehe 30 Juni. Nikammwagia mezani kila kilichokuwa ndani ya bahasha: risiti za nyaya na swichi, tiketi za basi, karatasi ambazo vijana wangu wawili walisaini posho zao. Hilo la kuwasainisha nilifundishwa na mwajiri wangu wa zamani, na namshukuru hata leo. Dada akapanga mafungu. Mapato yenye karatasi: 15,000,000. Gharama: 10,000,000. Faida: 5,000,000. Kwa viwango vya mtu binafsi, 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kitu, na inayozidi hapo, hadi 6,240,000, hutozwa asilimia nane. Kodi yangu ikawa 140,800. Kisha akakifungua kile cheti nilichokikunja.

"Kaka, hoteli ilishakulipia 240,000. Kwa hiyo hudaiwi. Umezidisha 99,200."

Sitasahau furaha ile. Kumbe kitu nilichokiita wizi kilikuwa akiba yangu, na karatasi niliyotaka kuitupa ilikuwa na thamani ya laki mbili na arobaini elfu. Wako mafundi wanaolipa mara mbili kwa sababu tu hawakudai cheti, au walikidai wakakipoteza. Lipia hilo sikio, hata kama mengine yote ya makala hii utayasahau.

Alikuwa anakusanya karatasi kunirudishia alipoiona ile yenye mhuri wa usharika. Akaisoma.

"Laki tatu hii ilikuwa fungu la kumi la nini?"

"La kazi moja."

"Kazi ipi? Siioni hapa."

Nikanyamaza. Yeye pia akanyamaza, akaigeuza ile karatasi upande wa pili kana kwamba jibu limeandikwa huko. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Basi kanisani uliitaja."

Akapiga hesabu upya. Nikiongeza milioni tatu, ambazo gharama zake zilikuwa zimeshahesabiwa pamoja na za kazi nyingine, faida inakuwa 8,000,000. Hiyo inavuka ngazi ya pili: 240,000, pamoja na asilimia ishirini ya inayozidi 6,240,000. Jumla 592,000. Toa zile zilizolipwa na hoteli, nadaiwa 352,000, mbali na riba ya kuchelewa. Kati ya kusema na kunyamaza palikuwa na 451,200. Dada akaweka kalamu chini. "Mimi naandika utakachoniambia. Una siku kumi na moja."

Siku hizo kumi na moja nilizungumza na nafsi yangu kuliko wakati wowote tangu kipaimara. Nitaandika nilichojiambia, pamoja na kile ambacho hakinipendezi.

La kwanza kunijia lilikuwa lile la Kaisari na sarafu yake. Tumelisikia mara nyingi hata limekuwa kama kengele ya Jumapili: mtu anajua saa imefika, lakini hashtuki. Nilijibu upesi kwamba serikali yangu si Kaisari na shilingi haina picha ya mtu anayenitawala. Hoja ya kitoto, ila ilinitosha kwa siku mbili.

Kilichonishika ni Korbani. Imo katika Marko sura ya 7, nasi huipita haraka kwa sababu neno lenyewe ni geni. Mtu alikuwa na mali ambayo ilipasa iwasaidie baba yake na mama yake. Akaitangaza kuwa ni wakfu kwa Mungu, na tangu hapo wazazi hawakuweza kuidai. Mbele ya watu alionekana mcha Mungu. Bwana Yesu hakukanusha kwamba alitoa sadaka. Alichokataa ni sadaka kutumika kama mlango wa kutokea kwa mtu anayedaiwa. Nikaiona karatasi yangu ya mavuno. Mimi sikutoa laki tatu ili kukwepa kodi, hilo nalisema kwa dhamiri safi. Lakini sadaka ile ilinifanyia kazi ambayo sikuituma: ilinituliza. Kila nilipoikumbuka ile milioni tatu isiyo na risiti, vigelegele vilikuja vikaifunika. Nilikuwa nimemlipa Mungu, na aliyemlipa Mungu anadaiwa na nani tena?

Ndugu mmoja wa kwaya niliyemdokezea habari hii alinipa jibu ambalo wengi wenu mngenipa. Alisema fedha hizo zingeliwa tu. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu inatolewa, na kila mwaka tunasoma mamilioni yaliyotumika bila utaratibu. Bora mabati ya kanisa, ambayo tunayaona. Sitaki kulidharau jibu hili. Watu wetu wana sababu za kuliogopa neno kodi, na sababu hizo ni za zamani kuliko ripoti. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kawaida ya kijijini, na asiyekuwa na rupia alizitafuta kwa jasho lake kwenye kazi za wengine. Mkonge wa Kilosa ulikatwa na mikono mingi iliyokuwa ikitafuta fedha ya kodi. Wakaja Waingereza na kodi ya kichwa. Baada ya uhuru ikawa kodi ya maendeleo, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Wazee wetu bado wanasimulia mgambo waliobisha hodi alfajiri, na wanaume waliolala mashambani wakiwa na wake zao mjini. Kwa mtu aliyelelewa katika masimulizi hayo, kumficha mtoza kodi si dhambi, ni akili. Mimi mwenyewe nililelewa humo. Na tozo za miamala ya simu za mwaka 2021 tulizilalamikia hata sisi tuliokaa viti vya mbele kanisani.

Lakini wako watu wa nchi hii waliowahi kuikataa kodi, na nikiwatazama hao najiona vizuri zaidi. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani kwenda Same, wakakaa nje ya boma la mkoloni kwa zamu, miezi kwa miezi, wakipinga kodi iliyoitwa mbiru. Walilalamikia jinsi utajiri wa kila mtu ulivyokadiriwa na wakubwa. Walikaa kweupe. Kila aliyetaka kujua nani anakataa aliweza kwenda akawaona, na waliacha mashamba yao ili waonekane. Mimi sikukaa mbele ya boma lolote. Nilikataa nikiwa nimejificha, na fedha niliyoikatalia serikali ilibaki mfukoni mwangu. Kama kweli nilikuwa na ugomvi na matumizi mabaya, mbona ugomvi huo ulianza siku ile ile nilipopata nafasi ya kufaidi?

Na ikiwa ubaya wa serikali unafuta deni, Wakristo wa kwanza wangekuwa na haki kuliko sisi sote. Justino, yule aliyeuawa Rumi karibu na mwaka 165, alimwandikia kaisari barua ya kuwatetea waumini wenzake, na moja ya mambo aliyoyataja kwa kujiamini ni kwamba wao hulipa kodi kwa utayari kuliko wengine. Aliandika hivyo kwa dola ambayo baadaye ilimkata kichwa. Sisemi kwamba tunapaswa kufumba midomo tunapoona fedha za umma zinaharibika. Nasema tu kwamba Justino alipofungua mdomo wake mbele ya mtawala, hakuwa na kitu cha kuficha mfukoni. Mimi, kama diwani angekuja kwenye kikao cha kijiji nikataka kumuuliza habari ya zahanati, ningeuliza nikiwa na milioni tatu yangu moyoni.

Siku ya sita au ya saba nilikwenda kazini Ulaya. (Naam, tuna kijiji kinachoitwa Ulaya katika wilaya ya Kilosa, na watani wangu wa Morogoro mjini hawaamini nikiwaambia nimekwenda Ulaya na kurudi kwa pikipiki.) Nilikuwa nafunga taa mbili na soketi moja kwa bibi mmoja mjane. Aliunganishwa kwa 27,000 kupitia mradi wa umeme vijijini. Nguzo na waya uliofika mlangoni kwake vina gharama mara nyingi kuliko hiyo. Kilichobaki kimetoka katika mfuko wa wote. Mimi nakula kutokana na nguzo hizo. Zikifika kijijini, fundi anafuata. Bibi akanipa simu yake nimsomee ujumbe wa luku, maana alitaka kujua kwa nini pesa aliyotuma na umeme aliopata havilingani. Nikamsomea: kodi ya ongezeko la thamani asilimia kumi na nane, REA asilimia tatu, EWURA asilimia moja. Akasema, "Ala! Na mimi ni mlipakodi?" Akacheka sana, akionyesha meno mawili.

Sikuweza kucheka naye kwa raha. Bibi yule hana pa kufichia. Kila anaponunua umeme wa elfu mbili, sehemu yake inaondoka kabla taa haijawaka, na sehemu hiyo inapeleka nguzo kijiji kingine, ambako fundi kama mimi atakwenda kuchuma. Mwalimu wa shule ya msingi naye hana pa kufichia. Wala askari wa hifadhi, wala mimi nilipokuwa nimeajiriwa. Nafasi ya kuficha tunayo sisi tunaojitegemea, na kadiri kazi inavyokuwa kubwa ndivyo nafasi inavyopanuka. Nilidhani namficha serikali. Nilikuwa namwachia bibi wa Ulaya abebe upande wangu wa mzigo.

Halafu yule fundi mzee. Katika Katekisimu tuliyokariri, amri ya saba ni ile ya kutoiba, na Luther katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 hakuiacha kwenye wizi wa kuvunja mlango. Aliipeleka sokoni na kwenye karakana, kwa mafundi na vibarua, mahali ambapo mtu humpunguzia mwenzake bila kelele. Laki mbili niliyompunguzia mwenye nyumba haikutoka mfukoni mwangu. Niliitoa kwenye kodi, nikaitumia kama fimbo ya kumpiga mwalimu wangu aliyekuwa ametaja bei ya haki. Serikali ni kubwa na haina uso, na ni rahisi kumkosea asiye na uso. Lakini mzee yule ana uso, na tunakutana naye dukani kwenye vifaa vya umeme.

Nafikiri hapo ndipo nilipoacha kubishana na nafsi yangu. Sidai kwamba nilifika mbali. Kama dada yule asingeiona karatasi ya mavuno, sina hakika ningeitaja kazi ile hata leo. Natoa ushuhuda wa mtu aliyekamatwa na risiti ya sadaka yake mwenyewe, si wa mtu aliyetubu kwa hiari.

Kumweleza mke wangu kulikuwa kugumu kuliko kumweleza mhasibu. Ana genge la mboga na viungo. Yeye hutunza daftari lake tangu alipoelezwa kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya milioni tano kwa mwaka hulipa 30,000 akiwa na kumbukumbu, na 100,000 asipokuwa nazo, na kwamba ambaye mauzo yake hayazidi milioni nne hatozwi. Mwanamke wa daftari. Nilipomtajia 352,000 alijua mara moja itatoka wapi, kwa sababu akiba ya nyumba ndiyo mtaji wa genge. Akaniambia, "Baba watoto, siku ile ulisimama wewe ukapigiwa vigelegele. Mimi nilikuwa nimekaa. Mbona genge langu ndilo linalipa?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Katika mahubiri mengi ya toba nimesikia habari ya anayetubu na habari ya Mungu anayesamehe. Nimesikia kidogo mno habari ya watu wa nyumbani wanaolipia toba ya mmoja. Zakayo alipoahidi kurudisha mara nne, mkewe alikuwa jikoni, nadhani, akiwaandalia wageni chakula, na hakuna aliyemuuliza.

Tarehe 27 Juni nikarudi Kilosa. Dada akaandika. Tukapeleka barua ya kuomba kulipa kidogo kidogo, nikakubaliwa awamu nne za 88,000, na riba juu yake. Kila awamu nilipewa namba ya malipo nikalipa kwa simu. Awamu ya kwanza na ya pili genge lilikaa bila nyanya na vitunguu, bizari tu na chumvi, na wateja wakazoea kupita moja kwa moja kwenda kwa jirani. Wengine hawajarudi.

Nilikwenda pia kwa yule mzee. Nilijiandaa kueleza mengi. Akanisikiliza huku akimenya waya kwa kisu, kisha akasema, "Mwanangu, nilijua siku ile ile. Bei haishuki yenyewe." Akaniuliza kama bado nina ngazi ndefu, maana alikuwa na kazi ya kanisa jirani na mgongo wake siku hizi haumruhusu kupanda. Tuliifanya pamoja kwa siku tatu. Risiti alitoa yeye.

Likabaki jambo la laki tatu. Nilimwendea mchungaji nikamuuliza kama sadaka ile ni halali. Nilikuwa nimesoma habari ya Daudi kwenye uwanja wa Arauna, alivyokataa kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu, nikamwambia kwamba sadaka yangu ilimgharimu mzee mmoja, na bibi mmoja, na mimi sana sana kwa kuchelewa. Mchungaji hakunijibu upesi. Akaniuliza, "Ungependa tukurudishie, uimalizie kodi?" Nikakiri kwamba wazo hilo lilishanipitia. Akasema angelipeleka kwa baraza la wazee kama ningetaka, ila yeye mwenyewe aliona aibu nyingine: kwamba siku ile usharika ulisoma majina na viwango, ukashangilia, na hakuna hata mmoja, yeye akiwa wa kwanza, aliyejiuliza chochote kuhusu fedha zinakotoka. Tuliongea mpaka giza likaingia. Kwa upande mmoja tulikubaliana kwamba mweka hazina hawezi kugeuka mkaguzi wa washarika. Kwa upande mwingine hatukuona raha kusema kwamba haimhusu. Baraza hatukulipelekea. Mavuno ya mwaka uliofuata majina yalisomwa bila viwango, na wako waliokasirika.

Masika yaliyopita mvua ilitukuta katikati ya ibada. Ilinyesha kwa nguvu juu ya mabati hata mahubiri yakasimama, tukabaki tumekaa, tukiangaliana na kutabasamu. Mke wangu alikuwa upande wa akina mama na kapu lake la genge miguuni. Nikainua macho nikajaribu kukisia ni mabati mangapi yaliyotokana na laki tatu, na yako safu ya ngapi. Yote yanafanana.